Kebo, silinda ya nje au silinda ya ndani: namna ya kusukuma klachi kwenye gari unalolijenga mwenyewe

Ukiunganisha injini na giaboksi ambazo hazikutoka kiwandani pamoja, suala la sahani ya klachi na presha pleti (bamba lenye springi linaloibana sahani hiyo) humalizika mapema. Kipenyo kikubaliane na flaiwili (gurudumu zito lililo nyuma ya injini), meno ya kitovu yakubaliane na shafti ya giaboksi, presha pleti iweze kubeba nguvu za injini. Kazi inayochukua muda ni kuamua kitu gani kitasukuma vidole vya presha pleti (ncha za springi yake), na kuhakikisha kinavisukuma kwa umbali unaotakiwa, si pungufu wala zaidi.

Njia ziko tatu. Kuna kebo inayovuta foku, mkono wa chuma unaosukuma beringi ya klachi. Kuna silinda ya mafuta iliyofungwa nje ya belihauzi (ganda linalofunika klachi kati ya injini na giaboksi), nayo pia husukuma foku. Na kuna silinda ya duara inayovaa shafti ya giaboksi ndani ya belihauzi, yenye rilizi beringi (beringi inayobonyeza vidole) juu yake, isiyohitaji foku kabisa.

Kwa kifupi: giaboksi ikiwa na foku yake na nafasi ubavuni ipo, weka silinda ya nje. Kebo ni nzuri pale tu pedali na giaboksi vinapotoka gari moja na njia ya kebo haina kona kali. Silinda ya ndani ichaguliwe na mtu ambaye ekzosi au mhimili wa usukani umemzibia nafasi ya foku, na aliye tayari kupima kila kitu kabla ya kufunga, kwa sababu hitilafu yake yoyote inamaanisha kushusha giaboksi.

Kabla ya kuchagua: katikati ya belihauzi

Kipimo hiki kinahusu njia zote tatu, lakini silinda ya ndani ndiyo inayoumia zaidi ukikiruka. Tundu la katikati la belihauzi, lile linalopokea uso wa giaboksi, lazima liwe kwenye mstari mmoja na kranki, shafti kuu ya injini. Kwenye injini na belihauzi zilizokutanishwa nyumbani, hasa kukiwa na bamba la kuunganishia, hilo halijitokezi lenyewe.

Safisha nyuso zote na ondoa vinundu vya chuma kwa tupa. Weka bamba la nyuma ya bloku kama injini yako hulitumia, kisha funga belihauzi kwa bolti zote bila klachi ndani. Bandika kitako cha sumaku kwenye flaiwili, ncha ya geji ya mshale (kipimo cha sehemu ndogo za milimita) iguse ukingo wa ndani wa tundu, halafu zungusha kranki mzunguko mzima taratibu. Flaiwili ya alumini haishiki sumaku, kwa hiyo fungia kipande cha chuma kwenye tundu moja la bolti za presha pleti.

Tofauti kati ya usomaji wa juu kabisa na wa chini kabisa isizidi 0.25 mm. Hiyo ni sawa na belihauzi kuwa nje ya katikati kwa nusu yake, yaani 0.125 mm. Ukisoma 0.40 mm, umekosea kwa 0.20 mm. Pini za kuelekeza zenye kichwa kilichohama kidogo huuzwa kwa vipimo vya 0.18, 0.36 na 0.53 mm, kwa mfano huu ile ya 0.18 inakuacha na kosa la 0.02 mm tu. Zote mbili zigeuzwe kuelekea upande mmoja, vinginevyo belihauzi haitaingia au itaingia kwa kulazimishwa.

Kisha geuza ncha ya geji iguse uso ambao giaboksi hukaa. Hapa nako 0.25 mm ndiyo mwisho. Kranki huwa na nafasi kidogo ya kwenda mbele na nyuma, kwa hiyo isukume upande uleule kila unaposoma, la sivyo utakuwa unapima nafasi hiyo na si uso wa belihauzi.

Belihauzi iliyomwagwa pamoja na giaboksi haipimiki hivi bila kufungua giaboksi. Hapo usahihi wote uko kwenye bamba la kuunganishia: likatwe kwa mashine na lishikwe na pini. Bolti hazina kazi ya kuelekeza, kazi yake ni kubana.

Ukipuuza, dalili zitakuja baadaye na zitakupotosha. Beringi ya pailoti (inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi ndani ya kranki) italika upande mmoja, meno ya kitovu cha sahani yatachimbika, gia itaruka yenyewe, na sahani inaweza kupasuka kuzunguka kitovu. Watu wengi hubadilisha klachi mara mbili wakati kosa liko kwenye pini.

Kebo

Uzuri wake ni kwamba huoni mafuta, hutoi upepo, na ikikatika unaibadilisha ukiwa umelala chini ya gari. Haihitaji masta silinda (silinda ya kwenye pedali inayosukuma mafuta), kwa hiyo sehemu ya pedali inabaki nyepesi. Giaboksi ya Ford Type 9 kwenye gari la Ford Sierra ilitumia kebo, na ndiyo maana magari mengi mepesi ya kujengwa nyumbani yaliyorithi giaboksi hiyo yaliendelea na kebo bila taabu. Volkswagen Beetle nayo ni ya kebo, na magari ya ufukweni yanayojengwa juu ya chasi yake huifuata.

Tatizo la kebo ni njia. Kila kona inaongeza msuguano, na msuguano huo haulingani siku zote: kebo ikikauka pedali huwa nzito, ikianza kujikata ndani ya ganda hukwama katikati. Ipe mizunguko mipana na iweke mbali na ekzosi. Ikilazimika kupita karibu, weka bamba la kukinga joto. Kwenye Beetle kuna kijambo ambacho wajenzi hukisahau: bomba linalopokea kebo karibu na giaboksi linatakiwa kulegea kwa upinde wa milimita 25 hadi 45 hivi. Likinyooka kabisa, klachi hutetemeka wakati gari linaondoka.

Jambo la pili ni waya wa ethi. Injini iliyokalia mipira haina ethi hadi uiwekee waya mnene kwenda kwenye chasi. Ukisahau, au ukiuweka juu ya rangi, umeme wa stata hutafuta njia nyingine, na kebo ya klachi ni chuma kinachounganisha injini na bodi. Hupata moto, plastiki ya ndani huyeyuka, kebo inakwama. Ukiona kebo mpya imeganda muda mfupi baada ya kufungwa, kagua ethi kabla ya kununua nyingine.

Kebo haijirekebishi, isipokuwa pedali iwe na meno ya kujirekebisha. Acha uhuru wa kama milimita 2 kati ya rilizi beringi na vidole, ambao kwenye pedali unahisika kama milimita 15 hadi 25 kutegemea uwiano wa pedali na foku. Sahani inapolika, vidole husogea kuelekea beringi na uhuru unapungua. Ukiisha, klachi huanza kuteleza na beringi huzunguka muda wote.

Silinda ya nje

Hii ndiyo njia yenye uvumilivu mkubwa kuliko zote. Mpira wake ukivuja, mafuta hudondoka nje na unayaona. Silinda hufunguliwa kwa bolti mbili. Mazda MX-5 imetumia mpango huu tangu ilipotoka mwaka 1989, na fundi yeyote anajua kuushughulikia.

Penye makosa ni foku. Foku hukaa juu ya kichwa cha mpira cha chuma, na urefu wa kichwa hicho ndio unaoamua pembe. Ukibadilisha flaiwili au presha pleti kwa nyingine nene zaidi, vidole vimehama na pembe ya foku imehama pia. Kanuni ya kufuata: katikati ya mwendo wake, foku iwe sambamba na uso wa sahani. Ikianza kazi ikiwa imeshainama mno kuelekea nyuma, beringi hukwaruza bomba la kuongozea lililo mbele ya giaboksi, pedali hupata mikwaruzo, na mwisho wake beringi hukaa upande. Dawa ni kichwa kirefu zaidi au washa (pete bapa ya chuma) chini yake, si kurefusha fimbo ya silinda. Fimbo ndefu haibadilishi pembe ya kazi, inahamisha pistoni tu ndani ya silinda.

Angalia pia pistoni inaishia wapi. Pedali ikiwa juu, ibaki na nafasi ya kurudi nyuma zaidi, kwa sababu sahani inapolika foku huirudisha ndani. Pedali ikiwa chini kabisa, isifike kwenye pete ya kizuizi. Mabano ya silinda yawe ya chuma kinene na yafungwe kwenye belihauzi au giaboksi, kamwe yasifungwe kwenye chasi. Injini ikijinyonga kwenye mipira yake wakati unaondoka, silinda iliyofungwa kwenye chasi itaiachia au kuisukuma klachi bila wewe kugusa pedali. Na nipo ya kutolea upepo iwe juu. Ukiifunga silinda kichwa chini, upepo utabaki hata upampu mchana kutwa.

Silinda ya ndani

Hapa hakuna foku, hakuna kichwa cha mpira, hakuna dirisha ubavuni mwa belihauzi. Nguvu inaingia katikati kwa usawa, na beringi hubaki imegusa vidole kwa wepesi bila kurekebishwa. Giaboksi ya T56 iliyofungwa nyuma ya injini za LS1 za General Motors ilitoka kiwandani hivi. Kwa gari jembamba ambalo ekzosi imebana belihauzi, huenda ndiyo njia pekee inayoingia.

Lakini haina msamaha. Ikivuja, mafuta ya breki humwagikia sahani, na sahani iliyolowa hubadilishwa. Kwa hiyo vipimo viwili lazima vipatikane kabla injini na giaboksi hazijakutana.

Cha kwanza: funga flaiwili, sahani, presha pleti na belihauzi kwenye injini. Laza rula iliyonyooka kwenye uso wa belihauzi unaopokea giaboksi, kisha pima kina hadi ncha za vidole. Tuseme ni 94.0 mm. Cha pili: silinda ikiwa kwenye giaboksi na imebonyezwa hadi mwisho, pima kutoka uso wa giaboksi hadi uso wa beringi. Tuseme ni 87.5 mm. Tofauti ni 6.5 mm. Kama mtengenezaji anataka 4 mm, weka shimu (pete nyembamba za kujazia) za 2.5 mm chini ya silinda. Silinda nyingi za kununua hutaka kati ya 2.5 na 5 mm. Karatasi iliyokuja nayo ndiyo yenye neno la mwisho.

Usidhani nafasi hiyo inapoteza mwendo wa pedali. Baada ya mikanyago ya kwanza beringi husogea na kubaki kwenye vidole. Nafasi ipo kwa ajili ya uchakavu: sahani ikilika 1 mm, vidole huweza kurudi 3 mm au zaidi, kwa sababu daiaframu, springi ya presha pleti yenye vidole hivyo, ni wenzo. Nafasi ikiwa ndogo mno, siku moja silinda itafika ukutani na klachi itaanza kuteleza ilhali sahani bado ina nyama. Ikiwa kubwa mno, pistoni itatoka nje kupita kiasi na kuachia sili. Kwa sababu hiyohiyo, usipampu pedali silinda ikiwa mikononi bila kitu cha kuizuia mbele.

Mabomba mawili hutoka kwenye silinda, moja la kuingiza na moja la kutolea upepo, na la upepo litokee sehemu ya juu. Yapitishe mbali na presha pleti inayozunguka, na weka mpira pale yanapopenya belihauzi. Bomba likiachiwa lilegee, vichwa vya bolti za presha pleti vitalisaga. Silinda iwe na pini ya kuizuia kuzunguka. Bila pini, mzunguko wa beringi utaivuta na kuyanyonga mabomba.

Hesabu ya masta

Watu hununua masta kwa kuangalia inavyokaa kwenye ukuta wa injini, halafu wanashangaa gia haziingii. Hesabu ni fupi: eneo la pistoni ya masta zidisha kwa mwendo wake, gawa kwa eneo la silinda inayopokea. Mfano ufuatao una pedali yenye uwiano wa 5 kwa 1, mguu unakwenda 150 mm, masta inakwenda 30 mm. Silinda ya nje ni ya 22.2 mm ikisukuma foku ya 2 kwa 1, silinda ya ndani ina eneo la 710 mm², na vidole vinahitaji nguvu ya 1500 N.

| Masta | Mafuta | Mwendo wa beringi: nje | Mwendo wa beringi: ndani | Mguu: nje | Mguu: ndani |
|---|---|---|---|---|---|
| 15.9 mm | 5.9 ml | 7.7 mm | 8.4 mm | 77 N | 84 N |
| 19.05 mm | 8.6 ml | 11.0 mm | 12.0 mm | 110 N | 120 N |
| 22.2 mm | 11.6 ml | 15.0 mm | 16.4 mm | 150 N | 164 N |

Presha pleti inayotaka 10 mm haitaachia kwa masta ya 15.9, hata utoe upepo mara ngapi. Ya 22.2 itaachia, lakini itasukuma vidole mbali kupita kiasi, na daiaframu iliyopitilizwa hupinda au hugusa kitovu cha sahani. Kwa mfano huu ya kati ndiyo yake, na bado pedali iwekewe kizuizi cha bolti kinachorekebishika. Kizuizi hicho hakikosekani kwenye gari langu lolote la silinda ya ndani.

Toa pia kile kinacholiwa na bodi. Ukuta wa injini wa bati jembamba ukijikunja 3 mm mtu anapokanyaga, umepoteza sehemu moja ya kumi ya mwendo. Mwambie mwenzako akanyage huku ukiitazama masta: ikicheza, weka bamba la kuimarisha kabla ya kulaumu klachi.

Kebo nayo ina hesabu yake. Kwa foku hiyohiyo na beringi kwenda 11 mm, kebo lazima ivutwe 22 mm, maana yake pedali iwe karibu 6.8 kwa 1. Mguu utahisi 110 N na msuguano wa kebo juu yake.

Kufunga

Bolti za flaiwili zikazwe kwa spana ya toki kwa kipimo cha injini husika. Zile zinazopenya hadi kwenye oili ya injini zipakwe sila (gundi ya kuzuia uvujaji) kwenye nyuzi. Usipofanya hivyo oili itatambaa hadi kwenye sahani na utadhani sili ya nyuma ya kranki imekufa. Bushi ya pailoti ya shaba ya vinyweleo huloweshwa oili ya injini, haipakwi grisi, kwa kuwa grisi huziba vinyweleo. Beringi ya sindano hupewa grisi kidogo.

Soma maandishi kwenye sahani yanayoonyesha upande wa flaiwili. Ikigeuzwa, springi za kitovu hugonga bolti za flaiwili na klachi haiachii kabisa. Iweke katikati kwa kifaa cha kulenga, kaza presha pleti kwa kuvuka, zamu kidogo kidogo. Meno ya shafti yapewe filamu nyembamba ya grisi ya joto kali, ile inayozidi ifutwe.

Kata vichwa vya bolti mbili ndefu, zifunge kwenye belihauzi zikuongoze, na telezesha giaboksi juu yake. Usiiache ining'inie kwenye kitovu cha sahani. Ikikwama na ufa umebaki, usiivute kwa bolti. Zungusha shafti ya kutokea huku gia ikiwa imeingizwa hadi meno yakutane. Ufa ukibaki palepale, shafti inagonga mwisho wa tundu la kranki au beringi ya pailoti si ya kipimo chake, na bolti zitapasua sikio la belihauzi.

Kwa njia zote mbili za mafuta, tumia mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye masta, kwa kawaida DOT 3 au DOT 4. Oili au grisi ya kawaida huvimbisha sili zake.

Jaribu kila kitu injini na giaboksi zikiwa bado sakafuni. Unganisha masta kwa muda, ingiza gia ya nne, mwenzako abonyeze masta, nawe zungusha shafti ya kutokea kwa mkono. Izunguke huku kranki imesimama. Akiachia, vizunguke pamoja. Kisha ashikilie imebonyezwa dakika kumi na wewe utazame mabomba na chini ya belihauzi.

Gari likishawaka, kanyaga pedali, subiri sekunde tano, ingiza gia ya kurudi nyuma. Ikikwaruza, pampu mara mbili haraka na ujaribu tena. Ikiingia kimya baada ya kupampu, upepo umebaki. Ikiendelea kukwaruza vilevile, mwendo hautoshi, sahani imekaa vibaya au beringi ya pailoti imeshika shafti. Rudi kwanza kwenye kizuizi cha pedali, ambacho hurekebishwa bila kushusha chochote.